Beseni Kichwani: Wamama Wetu na Kazi ya Mawe



Kabla ya jogoo kumaliza kuwika, hapa Shituru sauti ya kwanza ni ya mabeseni. Si redio, si kengele ya kanisa. Ni chuma kinagonga chuma, beseni ndani ya beseni, mama anatoka nyumbani na giza. Nyuma yake mwingine, nyuma yake wawili. Mmoja amebeba mtoto mgongoni, juu ya mtoto kikwembe, juu ya kichwa beseni, na ndani ya beseni mfuko mtupu wa rafia, kipande cha bukari ya jana na chupa ya maji. Wanashuka mtoni. Asiyefika mapema anakuta mahali pazuri, pale maji yanapotembea vizuri, pamekwisha kuchukuliwa.

Katika kijarida chetu tumeongea mara nyingi juu ya sabuni, mikate, chanjo ya watoto na amani ya nyumba. Juu ya kazi hii, ambayo wengi wetu tunaifanya au tuliifanya, hatujaandika kitu. Labda kwa haya. Mama mmoja wa kundi letu aliniambia wazi kwamba akiulizwa kwenye karatasi ya shule ya mtoto kazi yake ni nini, anaandika «bila kazi». Huyo huyo jana yake alikuwa amebeba mifuko kutoka karieri mpaka majini tangu asubuhi.

Tuanze basi na kazi yenyewe, kwa ajili ya wale wasiowahi kuiona karibu.

Wanaume wanachimba. Hilo kila mtu analijua, na picha zinazokwenda Ulaya ni picha za wanaume ndani ya shimo. Lakini jiwe likitoka shimoni halijawa pesa bado. Limechanganyika na udongo na vumbi, na kutoka mdomo wa shimo mpaka mlango wa depo linapita katika mikono ya wanawake karibu njia nzima. Mwanamke analibeba. Analivunja kwa nyundo. Analichagua: la kijani lenye shaba huku, jeusi lenye kobalti huku, lisilo kitu kando. Anachekecha. Kisha anaingia majini.

Kuosha kunaonekana kama mchezo ukitazama kwa mbali. Unaweka udongo katika chekeche la waya, unalizamisha, unalitikisa kwa mikono miwili na kulizungusha. Udongo mwepesi unaondoka na maji, jiwe zito linabaki chini. Unamimina, unajaza tena. Kutikisa mara moja si kitu. Kutikisa tangu asubuhi mpaka jua linapoinama, mgongo umekunjwa, maji yamefika mapajani, hapo ndipo kazi. Na ninyi wote mnajua maji ya Katanga mwezi wa sita na wa saba: yanauma mpaka mfupa. Jioni vidole havikunjiki. Mama anashika mwiko wa bukari kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza kula.

Malipo yake ni kwa mfuko, au kwa beseni, au kwa safari. Saa hazihesabiwi. Mwenye mawe ni mchimbaji, yule tunayemwita krezeri, au mnunuzi aliyempa krezeri pesa ya chakula. Mama hana jiwe. Anauza mikono na shingo tu. Mvua ikinyesha, mto ukajaa na kuchafuka, hakuna kazi. Shimo likikosa mawe, hakuna kazi. Mfuko ukianguka njiani ukapasuka, ni yeye anayeokota.

Halafu anarudi nyumbani, na huko siku ya pili inaanza. Sombe haijitwangi. Maji hayatembei yenyewe kutoka bomba la jirani. Makala lazima yawashwe. Nimewahi kusikia mwanaume, baba mwema kabisa, akisema mke wake «anapumzika mtoni na wenzake». Sikujibu. Nilimwomba tu ajaribu kunyanyua lile beseni lililokuwa limewekwa mlangoni. Aliliinua mpaka magotini, akaliweka chini, akauliza habari ya chakula.

Wengine watasema: lakini bibi zetu hawakufanya kazi hii. Ni kweli, na inafaa watoto wetu wajue kwa nini.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mji wetu wakati ule wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, na kiwanda cha shaba cha hapa Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Miaka ile ile ya 1920 kampuni iligeuza mpango wake. Zamani ilileta wanaume peke yao kwa mkataba mfupi, wakafanya kazi, wakarudi kwao au wakafa. Sasa ikataka wakae na wake zao katika kambi, wazae, watoto wakue wawe wafanyakazi wa kesho. Ikatoa nyumba, ikatoa lopitali, ikatoa posho ya kila juma: unga, maharagwe, samaki, mafuta, kwa hesabu ya mke na ya kila mtoto. Mke alipelekwa kwenye nyumba za mafundisho, kushona, kufuma, kuosha mtoto, kupika kwa usafi. Kazi ya mshahara haikuwa yake. Mamá yangu mzazi alikua katika maisha hayo, na mpaka anazeeka alikunja vitambaa vya meza kwa namna waliyofundishwa na masista. Alijua kufuma soksi za mtoto. Jembe alilijua kidogo. Beseni la mawe hakulijua hata kidogo.

Sisemi maisha yale yalikuwa mazuri. Kambi ilikuwa na sheria zake, na mwenye kulisha ndiye mwenye kuamuru. Lakini familia nzima ilikuwa imetegemea mti mmoja. Serikali ikachukua kampuni mwaka 1967, ikawa Gécamines baadaye, na mti bado ulisimama. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mashine zilichoka, pesa za kutengeneza hazikuwapo, kukaja fujo na kufukuzana kwa watu kwa ajili ya asili zao, majirani ambao tulikuwa tumekopeshana chumvi. Kufika mwaka 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa miezi, ikachelewa miaka. Mwaka 2003, katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa pesa ya mara moja wakaaga kazi. Walisema ni kuondoka kwa mapenzi. Wale tuliokuwa nyumbani tunajua mapenzi ni nini mtu akiwa hajalipwa miaka.

Mwaka mmoja kabla, mwaka 2002, sheria mpya ya migodi ilikuwa imekubali kazi ya wachimbaji wadogo. Basi vijana wakashika sululu, na wake za wafanyakazi wa zamani, wale waliofundishwa kufuma soksi, wakashika beseni.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliosha mawe karibu miaka miwili, kuanzia mwaka 2005. Nilikuwa na mtoto mmoja na mume asiye na kazi. Sitaeleza yote. Nitaeleza juu ya kilo.

Tulikuwa wanawake wanne, tukanunua pamoja mabaki ya udongo ambayo wanaume walikuwa wameyaacha, tukayaosha wenyewe siku nyingi mpaka tukapata mfuko wetu, wa kwanza ambao si wa mtu. Tulipofika depo moja, mzani ukasema kilo 38. Mwenzetu mmoja, mke wa mwalimu, hakuamini. Tukabeba mfuko tena, tukatembea mpaka depo nyingine. Mzani ukasema 45. Mfuko ule ule, hatukuongeza hata kokoto. Tukadhani tumepona. Kisha yule wa pili akaleta Metorex yake, ile mashine ndogo kama bastola inayosoma asilimia ya shaba ndani ya jiwe, akaielekeza, akaitazama mwenyewe, akatuambia namba. Hakuna aliyetuonyesha kioo. Kilo tulizozipata mlango huu tukazipoteza mlango ule. Tuligawana pesa chini ya mwembe, na kila mmoja alipata pungufu ya ambacho angepata kwa kuosha mifuko ya watu wengine siku zile zile.

Nimekumbuka jambo hilo miaka yote, na lilinirudia kwa nguvu niliposoma habari za wanawake wa India.

Kule India wanawake wanafanya kazi kama yetu, na kwa wingi. Wanabeba matofali kichwani kwenye majengo, saba, nane, kumi, wamepanga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ngazi. Wanavunja mawe kando ya barabara. Wanabeba makaa ya mawe. Ukimtoa mmoja na sari yake ukamvalisha kikwembe, ungemwita jirani. Lakini habari niliyotaka niwaletee ni ya mji mmoja, Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo katika jimbo la Gujarat.

Katika soko la nguo la Ahmedabad kulikuwa na wanawake waliokuwa wakibeba marobota ya nguo kichwani, kutoka duka la jumla mpaka maduka madogo. Walilipwa kwa safari. Iwe karibu, iwe mbali, iwe robota jepesi au zito, malipo yalikuwa yale yale aliyotaka mfanyabiashara, na hakuna aliyeandika safari ngapi zilikwisha. Mwaka 1971 wanawake hawa, pamoja na wale wavuta mikokoteni, walimwendea mwanamke mmoja mwanasheria, Ela Bhatt, aliyekuwa anaongoza upande wa wanawake katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Alikwenda nao sokoni, akaona. Akaandika katika gazeti jinsi wanavyolipwa.

Wafanyabiashara walikasirika. Nao wakaandika gazetini: si kweli, sisi tunawalipa vizuri, na wakataja viwango vya malipo wanavyodai kuwalipa.

Hapa ndipo nilipocheka peke yangu jikoni mpaka watoto wakaja kutazama. Ela Bhatt na wenzake hawakugombana tena. Walichukua maneno yale ya wafanyabiashara, wakayachapisha kwenye vikaratasi vidogo, wakawagawia wanawake. Sasa kila mbebaji alikuwa na karatasi mkononi: bwana, hii ni bei uliyosema wewe mwenyewe gazetini.

Kutoka hapo wakaanza chama chao, SEWA, maana yake chama cha wanawake wanaojiajiri wenyewe. Ofisi ya kazi ilikataa kwanza kukiandikisha. Walisema chama cha wafanyakazi lazima kiwe na tajiri wa kupambana naye, na hawa tajiri wao ni nani? Wao wakajibu kwamba chama ni kwa ajili ya wafanyakazi kuungana, si lazima kiwe dhidi ya mtu. Mwezi wa nne wa mwaka 1972 kikaandikishwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, wanawake 4,000 wakatoa kila mmoja rupia 10, wakafungua benki yao wenyewe. Wengi hawakujua kuandika jina, na benki haifunguliwi bila sahihi. Walikaa usiku wakifundishana kuandika majina yao. Leo SEWA ina wanachama zaidi ya milioni 2.

Najua kuna mama atasema: India ni India, sisi hapa tuna shida zetu. Kweli. Sisi likelemba tunaijua, na hakuna Mhindi wa kutufundisha kuweka pesa pamoja. Lakini tuangalie vizuri. Likelemba yetu inakusanya pesa baada ya kuzipata. Wale wa Ahmedabad walianza mbele zaidi: walikusanya hesabu ya kazi. Nani alibeba, mara ngapi, kwa bei gani. Sisi hatuna daftari hilo. Ukimuuliza mama wa mtoni aliosha mifuko mingapi juma lililopita, atakuambia «mingi».

Nitarudi kwenye daftari. Kwanza mwili.

Wanawake wa beseni hawazungumzi juu ya miili yao isipokuwa giza limeingia na wanaume hawapo. Hapo utasikia. Shingo. Kiuno. Kizazi kinachoshuka, jambo ambalo wengine wanalificha kwa miaka wakifunga kitambaa, na ambalo daktari anaweza kulitibu ukienda. Muwasho na homa za kukaa majini na nguo zenye maji siku nzima. Kikohozi cha vumbi kwa wanaovunja na kuchekecha. Na mimba zinazotoka. Mimi pia mimba yangu ya pili ilitoka wakati ule. Sitasema ni beseni, maana mimba hutoka kwa sababu nyingi na hakuna aliyenipima. Nasema tu nilikuwa majini asubuhi ya siku ile, na kesho kutwa yake nilikuwa majini tena.

Kuna yaliyopimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Watoto, maana wanacheza chini, wanaweka mikono mdomoni, wanalala karibu na nguo za kazi. Mwaka 2020 watafiti wa Lubumbashi na wenzao walitoa mengine, juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba anafanya kazi inayohusu migodi.

Someni tena: baba. Ninaandika hili kwa sababu mitaani kwetu mtoto akizaliwa na kasoro macho yote yanamgeukia mama. Alikula nini, alipita wapi, alimkosea nani. Mama mkwe anaulizwa, mganga anaulizwa. Hakuna anayeuliza vumbi lililokuja nyumbani katika suruali ya baba. Utafiti huo haukusema kila mtoto wa mchimbaji ataumia, hapana, wala haukumaliza kueleza njia yote jambo hilo linavyopita. Lakini unatosha kufunga midomo ya wanaomshtaki mama kitandani.

Kwa hiyo yale tunayoweza kufanya leo bila kungoja mtu: nguo za mtoni zisiingie chumba cha kulala. Vueni nje, zifueni peke yake, si pamoja na nepi. Nawa mikono kabla ya kumnyonyesha mtoto, na ifunge chupa ya maji ya kunywa, isikae wazi karibu na wanaochekecha. Mfuko uliobeba mawe usibebe unga tena, hata ukioshwa. Mifuko ya mawe isilale nyumbani na watoto. Najua mnaogopa wezi, lakini mwizi anachukua mfuko mara moja. Mwenye mimba aende kupimwa mapema, na amwambie muuguzi ukweli wa kazi yake, asiandike «bila kazi».

Na jiwe lisilojulikana lilikotoka, msilipokee. Shinkolobwe si mbali na hapa. Uranium ya shimo lile ndiyo ilitumika na Wamarekani kutengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945. Serikali ilikataza kuchimba pale mwezi wa kwanza wa mwaka 2004, na mwezi wa saba mwaka ule ule ardhi ikaporomoka juu ya watu waliokuwa wanachimba bado. Bei nzuri ya kubeba usiku mifuko ambayo mwenyewe hataki kusema jina lake, hiyo bei nayo ina maana yake.

Sasa jambo la mimba na sheria, ambalo limeleta maneno kati yetu.

Kanuni za migodi ya wachimbaji wadogo zinakataza watoto na wanawake wenye mimba katika machimbo. Mahali wanapoonekana panaweza kuwekwa alama nyekundu, na mawe ya pale yasipate kuuzwa kwa njia halali. Nia ni nzuri, nani atapinga? Lakini angalieni inavyofanyika. Msimamizi hana njia ya kujua nani ana mimba ya miezi miwili. Njia rahisi kwake ni kuwafukuza wanawake wote. Katika machimbo mengi ya nchi yetu imefanyika hivyo: sheria ya kumlinda mmoja imekuwa ufagio wa kuwafagia wote, halafu wanarudi kwa mlango wa nyuma, kwa kumlipa mlinzi, na kwa bei ya chini zaidi kwa sababu sasa wamejificha. Na mwenye mimba ndiye anayejificha kuliko wote. Anafunga kikwembe kwa nguvu, anabeba sawa na wengine ili asishukiwe, wakati ambapo ingefaa akae kivulini achague mawe na wenzake wambebee.

Maoni yangu, na mama rais wa chama chetu anajua hatukubaliani katika hili, ni kwamba tusiombe sheria iondolewe. Tuombe mahali pa kivuli, maji ya kunywa na kazi ya kukaa kwa wenye mimba, na tuwe wa kwanza kusema wenyewe nani asibebe. Yeye anasema tukisema hivyo tunawapa wanaume majina ya kuwafukuza. Hajakosea kabisa. Hatujamaliza maneno hayo.

Kuhusu watoto, nilikuwa na maneno makali sana ya kuandika. Halafu mtoto wa dada yangu akanikuta nayaandika.

Ana miaka kumi na minne. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na kwa hiyo alimaliza bila shida kubwa. Lakini baada ya shule ya msingi minervali inarudi, na dada yangu yuko peke yake na watoto watano. Jumamosi moja nilimkuta binti njiani, beseni kichwani, anatoka mtoni. Nilisimama katikati ya barabara.

«Wewe, nani alikutuma?»

«Hakuna, mama mdogo. Nilienda mwenyewe.»

«Mama yako anajua?»

«Anajua nalipa minervali. Hakuniuliza ninaitoa wapi.»

Nikaanza kumfokea. Nikamwambia juu ya mgongo, juu ya maji, juu ya wanaume wa karieri. Alinisikiliza mpaka mwisho, hajashusha beseni, shingo yake imenyooka kama ya mama wa miaka arobaini. Kisha akasema kwa adabu:

«Mama mdogo, wewe ulilipa nyumba yako na nini?»

Sikuwa na jibu. Nilimshusha beseni, tukalibeba pamoja kila mmoja mkono wake, mpaka kwao.

Usiku ule nilizungumza na dada, na Jumapili nikazungumza na wanawake sita wa kundi la mtoni, wanaoosha mahali pamoja. Niliwaeleza habari ya vikaratasi vya Ahmedabad. Mmoja, mzee kati yao, akasema tuna mtoto mwenye hesabu nzuri anayeosha mawe, na tuna mawe yasiyo na hesabu. Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa maneno yake, si yangu.

Kila Jumamosi jioni sasa binti anakuja kwangu, si mtoni, na daftari la kurasa mia. Wanawake wanapita mmoja mmoja, wanasema: siku fulani, mifuko kadhaa, ya nani, ameahidi nini, amelipa nini. Anaandika. Kila mmoja anatoa faranga kidogo kwa juma, na tunaziweka kando kwa minervali. Haitoshi. Mwezi uliopita ilifika kama nusu, nyingine tulijaza mimi na mume wangu, na Jumamosi mbili aliniruka akaenda kuosha. Nimejua kwa vidole vyake.

Mambo si mazuri yote. Wawili kati ya sita wameacha, wanaogopa wenye mawe wakijua wanaandikwa hawatawapa kazi. Mwenye mawe mmoja aliliona daftari, akalitupa majini, tukalikausha juani na kurasa zimevimba kama mkate. Mwingine, ambaye hatukumtegemea, aliomba aonyeshwe upande wake, akahesabu kwa kidole, akakubali kwamba alisahau mifuko mitatu ya mwezi mzima. Alilipa miwili. Wa tatu anasema atalipa.

Tumenunua pia mzani wa kuning'iniza, wa mkono, kwa pesa ya likelemba ya mwezi mmoja. Mama ambaye ilikuwa zamu yake kupokea alikubali kungoja. Mzani unakaa kwangu, na anayetaka kupima mfuko wake kabla ya kwenda depo apite, hata asiye wa kundi letu. Mlango ni ule wa bluu nyuma ya kioski cha mkate. Jumapili baada ya ibada nipo, siku nyingine baada ya jua kushuka. Leteni mfuko mkavu, maana maji nayo yana kilo, na wanunuzi wanajua hilo kutuzidi.

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari binti ameandika kwa herufi kubwa majina ya wale sita, na mbele ya kila jina, mahali pa kazi, hakuandika «bila kazi». Ameandika: anaosha, anabeba, anavunja. Mzee wa kundi alimwomba amsomee mara mbili. Kisha akauliza kama jina lake linaandikwa kwa herufi ngapi, na Jumamosi iliyofuata alikuja mapema kuliko wengine, amebeba kalamu yake mwenyewe.